Njia Tatu za Kuingia Katika Isimu: Ulinganisho kwa Mwanafunzi wa Anthropolojia Mombasa

Mwanafunzi wa anthropolojia anayeandaa utafiti wake wa kwanza mjini Mombasa hafiki mbali kabla ya kugundua kwamba lugha imemtangulia kila mahali. Maamkuzi ya mlangoni, posa inayopelekwa kwa mafumbo, mabishano ya bei katika soko la Kongowea, watoto wanaochanganya Kiswahili, Kigiriama na Kiingereza katika sentensi moja: yote hayo ni data, na yote yanadai ujuzi ambao kozi za anthropolojia peke yake haziutoi. Hapo ndipo somo la utangulizi wa isimu, yaani taaluma ya lugha, linapohitajika, na hapo pia ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu utangulizi huo una njia zaidi ya moja na muhula hautoshi kuzipita zote.

Njia zinazolinganishwa hapa ni tatu. Ya kwanza ni isimu fafanuzi, inayochambua muundo wa lugha kuanzia sauti hadi sentensi. Ya pili ni isimu historia na linganishi, inayochunguza undugu wa lugha na mabadiliko yake. Ya tatu ni ethnografia ya mawasiliano, inayoanza na watu wakiwa katika kusema. Iko pia njia ya nne, ile ya uhusiano wa lugha na fikra, ambayo wanafunzi huipenda kuliko zote. Nimeiacha kwa makusudi, kwa kuwa madai yake hayapimiki bila majaribio yaliyopangwa kwa uangalifu, na anayeanza hana bado zana za kuyapanga.

Vigezo

Nimepima kila njia kwa mambo manne: swali ambalo njia hiyo hulijibu, zana inazodai na wakati ambapo gharama yake hulipwa, sura ya kazi yenyewe nyanjani hapa Mombasa, na mahali ambapo mtafiti mchanga huteleza kwa urahisi. Kigezo cha gharama kinahitaji neno moja la ziada. Wanafunzi huuliza njia ipi ni nyepesi, na kwa maoni yangu swali hilo halina jibu, kwa kuwa njia zote tatu ni nzito. Kinachotofautiana ni wakati wa kulipa: isimu fafanuzi hudai malipo mwanzoni, isimu historia katikati, na ethnografia ya mawasiliano mwishoni. Anayechagua bila kulijua hilo huishia kudaiwa wakati ambapo hana kitu.

Swali ambalo kila njia hulijibu

Isimu fafanuzi huuliza: lugha hii imejengwaje? Msingi wake wa kisasa hutajwa kuwa mihadhara ya mwanaisimu Ferdinand de Saussure huko Geneva, iliyochapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, na wenzake Charles Bally na Albert Sechehaye. Saussure aliitenganisha lugha kama mfumo wa pamoja na usemaji wa mtu mmojammoja, akashikilia kwamba kila kipashio hupata thamani yake kwa kutofautiana na vingine vilivyo ndani ya mfumo huohuo. Wazo hilo halikubaki kwa wanaisimu. Mwanaanthropolojia Claude Lévi-Strauss alikutana na mwanaisimu Roman Jakobson mjini New York katika miaka ya 1940, akajifunza kwake uchambuzi wa fonimu (sauti zinazotofautisha maneno), kisha akaupeleka kwenye mifumo ya ukoo na visasili. Hata jozi ya emiki na etiki (mtazamo wa mwenyeji na ule wa mtazamaji wa nje), ambayo mwanafunzi wa anthropolojia huitaja tangu mwaka wa kwanza, ilibuniwa na mwanaisimu, Kenneth Pike, kutokana na tofauti ya fonolojia na fonetiki.

Isimu historia huuliza: lugha hizi zimetoka wapi, na njiani zilikutana na nani? Kwa mkazi wa pwani swali hili liko karibu sana. Kiswahili, lugha za Wamijikenda (kama Kigiriama na Kidigo), Kipokomo, Kielwana na lugha za visiwa vya Ngazija huwekwa pamoja katika kundi moja la Kibantu liitwalo Sabaki, ambalo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilifanyia uchambuzi mpana uliochapishwa mwaka 1993. Kwa upande wa anthropolojia, Edward Sapir alieleza mapema, mwaka 1916, jinsi ushahidi wa lugha unavyoweza kusaidia kupanga matukio ya zamani katika jamii zisizo na kumbukumbu za maandishi.

Ethnografia ya mawasiliano huuliza: nani anaruhusiwa kusema nini, mbele ya nani, wapi na kwa namna gani? Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyefanya utafiti katika visiwa vya Trobriand, alikuwa amekwisha kusisitiza kwamba maneno hayaeleweki nje ya mazingira ya kutumika kwake. Dell Hymes ndiye aliyeupa mtazamo huu sura ya programu ya utafiti kuanzia mwaka 1962, akidai kwamba mtu anaweza kuijua sarufi yote na bado asijue kusema. Yeyote aliyewahi kumwona mgeni mwenye Kiswahili fasaha akiingia nyumbani kwa watu Mji wa Kale na kutaja haja yake kabla ya maamkuzi kukamilika atamwelewa Hymes bila maelezo mengi.

Zana, na wakati wa kulipa

Katika isimu fafanuzi gharama iko mbele. Lazima ujifunze alfabeti ya kimataifa ya fonetiki, ulizoeze sikio, na ujue kutenga mofimu (vipande vidogo vya neno vyenye maana) katika neno kama *hawakutuletea* bila kubahatisha. Wiki za mwanzo huwa kavu, nami sioni sababu ya kuficha hilo. Vifaa vyenyewe si ghali: Praat, programu ya kuchambua sauti iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink huko Amsterdam, hupatikana bure, na simu nzuri yenye uwezo wa kurekodi sauti bila kuibana inatosha kuanzia. Ukishalipa mwanzoni, kazi inayofuata huenda kwa utulivu.

Isimu historia huanza kwa raha, kwa sababu kukusanya orodha za maneno ni kazi ya kufurahisha na matokeo huonekana upesi. Ugumu huja katikati, pale orodha zinapokuwa ndefu na maneno ya kukopa yanapoanza kujichanganya na ya kurithi. Hapo utahitaji kujua historia ya mabadiliko ya sauti, na pia kusoma vyanzo vya zamani. Kwa bahati njema Mombasa imeandikwa mapema: mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika mwaka 1844, na kamusi yake ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1882, baada ya yeye kufariki.

Ethnografia ya mawasiliano humdanganya mwanafunzi kwa mlango mpana. Anayeijua lugha na mji huanza kurekodi siku ya kwanza. Deni huja mwishoni, wakati wa kunukuu, yaani kuyaandika yote yaliyorekodiwa, kwa maana saa moja ya mazungumzo ya baraza, yenye watu wanne wanaokatizana, huweza kula siku nzima na zaidi. Programu ya ELAN, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha huko Nijmegen, husaidia kuoanisha maandishi na sauti, lakini haikupunguzii kusikiliza. Kisha, baada ya kunukuu, bado utatakiwa kuthibitisha kwamba tafsiri yako ya tukio ni ya wahusika wenyewe wala si yako peke yako.

Kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na ridhaa ya wanaorekodiwa vinahitajika katika njia zote tatu, kwa hiyo visikushawishi kuchagua upande wowote.

Kazi nyanjani

Mfano mmoja utaonyesha isimu fafanuzi inavyofanya kazi hapa. Mwombe mzee aliyezaliwa Kibokoni au Kuze akutajie paa la nyumba, kisha paa wa mwituni, huku ameshika kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo yake. Katika neno la kwanza karatasi hukaribia kutulia. Katika la pili hupepea. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi tofauti hiyo, na wengi waliojifunzia Kiswahili shuleni hawaitamki, lakini kwa msemaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, mpumuo huo hutenga neno na neno. Mjaribu tena kwa kaa la moto na kaa wa baharini, utakuta jambo lilelile. Ukiendelea kuchimba utaona kwamba maneno yenye mpumuo yamo katika ngeli ambayo zamani ilitanguliwa na king'ong'o, yaani sauti ya puani kama *m* au *n*; king'ong'o kilipodondoka mbele ya *p*, *t* na *k*, kiliacha mpumuo nyuma yake. Paa la nyumba na kaa la moto, ambayo wingi wake ni mapaa na makaa, hayakuwahi kuwa na king'ong'o hicho, ndiyo maana hayana mpumuo. Sauti, ngeli na historia zimekutana katika silabi moja, na swali la kianthropolojia linajitokeza lenyewe: ni nani mjini leo bado anautamka mpumuo huo, na wenzake humsikiaje anapoutamka?

Kazi ya isimu historia huanza kwa kupanga maneno sambamba. Pale Kiswahili kinaposema *maji* na *mji*, Kigiriama husema *madzi* na *mudzi*. Pale Kiswahili kina *mti* na *moto*, Kigiriama kina *muhi* na *moho*. Kinachomhusu mtafiti hapa ni urejeaji wa mwachano wa sauti, yaani tofauti ileile kujirudia katika maneno mengi, kwa kuwa kufanana kwa maneno mawili huweza kuwa sadfa. Halafu huja *tano*, ambayo kwa Kigiriama ni *tsano*, na kanuni uliyokuwa ukijisifia ya *t* kuwa *h* inaanza kuyumba. Kuyumba huko ndiko kazi yenyewe: neno lisilofuata kanuni hukulazimisha kuchunguza masharti ambayo hukuyaona. Hata ndani ya Kiswahili pana ushahidi wa kutosha. Anayepita Ndia Kuu, pale Mji wa Kale, anasoma kwenye kibao umbo la Kimvita ambalo Kiswahili sanifu hulitamka *njia*. Upande wa maneno ya kukopa nao una utajiri wake, kwani Wareno walioijenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593 waliondolewa mwaka 1698, lakini *meza*, *leso* na *gereza* yamebaki.

Nimekaa zaidi kwenye ethnografia ya mawasiliano, kwa sababu ndiyo inayodhaniwa kuwa rahisi. Chukua leso, yaani kanga. Katika maduka ya Biashara Street wanunuzi wengi husoma jina, yaani msemo ulioandikwa kwenye leso, kabla ya kuuliza bei, na pindo zuri halimwokoi muuzaji ikiwa maneno hayampendezi mteja. Sasa mwanamke amevaa leso yenye jina *Mdhaniaye ndiye siye* akaenda nayo arusini, akijua kwamba jirani waliyekosana naye atakuwapo. Je, amesema? Maneno hayakutungwa naye, hayakutamkwa na kinywa chake, na akiulizwa anaweza kujibu kwamba alipenda rangi. Jirani ameyasoma na ameyaelewa, lakini akijibu kwa maneno ya wazi yeye ndiye atakayeonekana mgomvi. Mwanasosholojia Erving Goffman alipendekeza kwamba dhana ya msemaji igawanywe katika sehemu tatu: anayetoa maneno, aliyeyatunga, na yule ambaye msimamo wake unawakilishwa. Leso huzitenganisha sehemu hizo hadharani, kila Jumamosi ya arusi. Mwanafunzi anayeliandika tukio hili inabidi ajue nani alikuwapo, nani ana ugomvi na nani, leso ilinunuliwa lini, na wale waliokuwa kando walilichukuliaje. Orodha ya majina ya leso peke yake, hata iwe ndefu namna gani, haitamwambia lolote kati ya hayo.

Uwezo wa njia hii haukomei kwenye mambo ya mitaani. Susan Hirsch alichapisha mwaka 1998 utafiti wa mashauri ya ndoa katika mahakama za Kadhi za pwani ya Kenya, akionyesha jinsi wanawake, ambao kimila hutarajiwa kuvumilia na kunyamaza, wanavyosimulia madai yao mbele ya Kadhi, na jinsi usimulizi huo unavyobadilisha hali zao. Ni kazi inayofaa kusomwa na yeyote anayedhani kwamba kuchunguza maongezi ni kukusanya umbea.

Panapoteleza

Hatari ya isimu fafanuzi ni kupata lugha ambayo hakuna anayeisema. Ukimkalia mtu mzima na daftari na kumwomba maneno moja moja, atakupa Kiswahili sanifu kwa heshima ya kalamu yako. Hali hiyo ina chanzo chake: mkutano uliofanyika mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mkutano wenyewe, kwa kejeli ya historia, ulifanyika hapahapa Mombasa. Vizazi vilivyosomeshwa baada ya hapo vimejifunza kukiona Kimvita kuwa lugha ya nyumbani na ya ushairi, isiyo ya kumpa mtu wa chuo.

Hatari ya isimu historia ni kubwa zaidi kwa mwanaanthropolojia, kwa kuwa inachanganya lugha na watu. Undugu wa Kiswahili na lugha za Wamijikenda ni jambo la lugha. Masimulizi ya kutoka Singwaya, nchi ya asili inayosemwa kuwa kaskazini, yanayosimuliwa na Wamijikenda wengi, ni jambo jingine, na wanahistoria wamebishana juu yake kwa miongo mingi. Watu huweza kuhama bila kubadilisha lugha, na huweza kubadilisha lugha bila kuhama hata hatua moja. Vilevile jihadhari na hesabu za kukadiria miaka ya kuachana kwa lugha kwa kutumia orodha fupi za maneno: mbinu hiyo, aliyoieneza Morris Swadesh, ilidhani kwamba msamiati hubadilika kwa kasi isiyopanda wala kushuka, na wanaisimu wengi wameikataa dhana hiyo.

Katika ethnografia ya mawasiliano watu huteleza kwa namna mbili. Wasio na sikio la fonetiki hunukuu kile walichotarajia kusikia, wakapoteza kidatu cha kejeli au silabi iliyovutwa kwa makusudi, ambayo ndiyo iliyobeba ujumbe. Wenyeji nao hupitwa na yale waliyoyazoea. Kuna pia suala la siri: leso ya arusi ina mvaaji, mvaaji ana majirani, na Mji wa Kale ni mdogo. Kubadilisha jina la mhusika hakumfichi mtu ikiwa umeutaja mtaa na tarehe.

Mwongozo kwa hali yako

Ikiwa unatoka nje ya pwani na Kiswahili chako bado ni cha darasani, anza na isimu fafanuzi hata kama swali lako ni la kijamii. Ndivyo ilivyo pia kwa anayekusudia kufanya kazi na lugha isiyo na maandishi mengi, kama Kielwana, ambako hakuna kamusi ya kuegemea na kila neno utaliandika mwenyewe.

Ikiwa utafiti wako unahusu makaya (makazi ya kale msituni) ya Wamijikenda, biashara ya zamani ya bahari, au unashirikiana na wanaakiolojia, isimu historia itakupa ushahidi ambao vigae na masimulizi haviwezi kukupa. Itakufaa hasa ukiwa mvumilivu wa kukaa na makabrasha na ukiwa na mwaka mzima mbele yako. Mwenye muhula mmoja aichague kwa kiasi: maneno machache, lugha mbili, kanuni moja ya sauti iliyothibitishwa vizuri.

Ikiwa Kiswahili ni lugha yako ya kwanza na unachunguza ndoa, dini, soko au mahakama, ethnografia ya mawasiliano iko karibu nawe, ila tenga theluthi ya mwisho ya muda wako kwa kunukuu tu, na usiahidi chuo rekodi nyingi. Rekodi mbili zilizonukuliwa kikamilifu zina thamani kuliko ishirini zilizolala kwenye simu. Mwenyeji afanye pia mazoezi mafupi ya fonetiki kabla ya kutoka. Yatamfanya alisikie upya jambo ambalo amelisikia tangu utotoni.

Anayeweza kuunganisha njia mbili anaweza kuanza na ethnografia, akapata tukio linalomsumbua, kisha akarudi kwenye isimu fafanuzi kwa ajili ya kipande kile tu anachokihitaji, kama vile mpumuo, mpangilio wa virai au nafsi za vitenzi. Mpango huu unamfaa mwenye msimamizi anayezijua taaluma zote mbili. Bila msimamizi wa namna hiyo, chagua moja.

Na ambaye bado hajaamua, aombe ruhusa ya kurekodi nusu saa ya mazungumzo barazani, akasikilize kwa utulivu usiku huohuo, na aandike maswali yanayomjia bila kuyachuja. Maswali yakihusu jinsi neno lilivyotamkwa, asajili isimu fafanuzi. Yakihusu kwa nini Mdigo alisema vingine kuliko mwenzake wa Mvita, aende upande wa historia. Na yakihusu kwa nini mzee alinyamaza kijana yule alipoingia, awarudie watu wa baraza kesho yake, safari hii bila kinasa sauti, akae nao.